Diski na vipimo vifaavyo kuhifadhi video za nyumbani kabla kanda hazijaoza

WAHENGA walisema akiba haiozi. Kanda ya video ni akiba inayooza. Katika nyumba nyingi mjini Kakamega na katika vijiji vinavyouzunguka, kuanzia Shinyalu na Khayega hadi Ikolomani, kanda zilizorekodiwa miaka ya 1980, 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zingali zimelala kabatini, ndani ya masanduku ya nguo au chini ya meza ya runinga. Ndani yake mna harusi, mazishi, sherehe za tohara, mahafali ya shule na ibada za kanisa. Wengi wa wanaoonekana na kusikika humo wameshafariki.

Thamani ya kanda hizo haiishii katika familia. Mnamo Novemba 2014, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliiorodhesha isukuti, ngoma ya jamii za Isukha na Idakho, miongoni mwa turathi za dunia zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Isukuti hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, na huandamana na kuzaliwa kwa mtoto, tohara, harusi, mazishi, ibada na hata michezo. Miongoni mwa sababu za kuiweka katika orodha hiyo ni kwamba wajuzi wake wengi wamezeeka na vijana wanaoirithi ni wachache. Kwa hivyo, kanda ya mazishi iliyonaswa na mpiga video wa mtaani miaka 25 iliyopita huenda ndiyo nakala pekee iliyobaki ya mpigaji fulani, wimbo fulani au mtindo fulani wa kucheza.

Wanaotaka kuziokoa kanda hizo hukabiliwa na maswali mawili: zihamishiwe katika diski ya aina gani, na kwa vipimo gani? Jibu kwa muhtasari ni hili: diski ya kurekodiwa mara moja tu, iliyotengenezwa na kampuni inayojulikana, isiyojazwa zaidi ya saa moja ya ngoma au saa mbili za hotuba, na isiyoachwa kamwe kuwa nakala pekee. Sababu za kila sehemu ya jibu hilo zinafafanuliwa hapa chini.

Kwa nini haraka

Kanda ya VHS ni utepe wa plastiki uliopakwa chembechembe za sumaku kwa gundi maalumu. Gundi hiyo huharibika kwa joto na unyevunyevu. Mji wa Kakamega uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ambayo ni miongoni mwa viwango vya juu nchini Kenya. Hewa hiyo inayoustawisha Msitu wa Kakamega ndiyo pia inayostawisha kuvu ndani ya kanda. Kuvu huonekana kama unga mweupe kwenye kingo za utepe uliokunjwa, ukitazamwa kupitia dirisha dogo la kanda.

Hatari ya pili ni kutoweka kwa mitambo. Funai ya Japan, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Tangu hapo, kila deki inayoharibika hupunguza idadi iliyopo duniani, na vipuri hupatikana tu kwa kubomoa deki nyingine. Mnamo 2019, UNESCO kwa ushirikiano na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na video, IASA, ilianzisha mradi wa kutahadharisha ulimwengu kuhusu kanda za sumaku. Wataalamu wengi wa hifadhi walikadiria wakati huo kwamba kufikia mwaka 2025 ingekuwa vigumu mno kuzicheza kanda hizo, hasa kwa kukosa mitambo. Mwaka huo umeshapita. Deki inayofanya kazi leo ni mali adimu.

Matayarisho kabla ya kunakili

Kabla ya kufikiria diski, kanda yenyewe ikaguliwe. Kanda yenye kuvu isitiwe ndani ya deki hata mara moja, kwa maana kuvu hubaki katika kichwa cha kusomea na kuambukiza kanda zinazofuata, na utepe ulionatana unaweza kukatika. Kanda kama hiyo itengwe na ipelekwe kwa fundi anayejua kuisafisha. Kanda iliyo safi iendeshwe kwanza kwa kasi hadi mwisho na kurudishwa mwanzo bila kuchezwa, ili utepe ulegee na kukunjika upya kwa mkazo ulio sawa. Aidha, kipande cha plastiki kilicho ukingoni mwa kanda kivunjwe ili pasiwe na uwezekano wa kurekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Kanda nyingi za Kenya zilirekodiwa kwa mfumo wa PAL, ambao una mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Hata hivyo, jamaa waliokuwa wakiishi Marekani walileta au kutuma kanda za NTSC, zenye mistari 525 na karibu picha 30 kwa sekunde. Kila kanda inakiliwe kwa mfumo wake. Kuibadilisha NTSC iwe PAL wakati wa kunakili hufanya mienendo ya watu ionekane ya kushtukashtuka, na kasoro hiyo haiwezi kuondolewa baadaye.

Uunganishaji nao una athari. Deki ya kawaida ya VHS huunganishwa kwa waya wa manjano wa picha pamoja na mwekundu na mweupe wa sauti. Iwapo kanda ni ya Hi8 au S-VHS, na kifaa kina tundu la S-Video, tundu hilo ndilo litumike kwa kuwa hutenganisha mwangaza na rangi, na picha hutoka safi zaidi.

Kanda ndogo za MiniDV, zilizoenea kati ya mwaka 1995 na mwishoni mwa miaka ya 2000, ni suala tofauti kabisa. Ndani yake hamna mawimbi ya picha bali tarakimu, kama zilivyo katika tarakilishi. Kamera iunganishwe na tarakilishi kwa waya wa FireWire, ambao Sony iliuita i.LINK, na tarakimu zihamishwe zilivyo bila kupoteza chochote. Saa moja ya MiniDV huchukua takriban gigabaiti 13. Anayetumia waya wa manjano kuhamisha MiniDV hutupa ubora aliokwisha kuununua.

Aina za diski

Diski zote zinazochomwa nyumbani hufanana kwa macho, lakini hutofautiana kwa uwezo na uimara.

CD ya kurekodia hubeba megabaiti 700. Ndiyo iliyotumiwa kutengeneza VCD, ambazo familia nyingi zilikabidhiwa na wapiga video wa harusi kabla ya DVD kushuka bei. Picha ya VCD ya PAL ina nukta 352 kwa 288 tu, chini ya robo ya picha ya DVD. Aliye na VCD asiibadilishe kuwa DVD akidhani ataongeza ubora. Anachopaswa kufanya ni kunakili faili zake zilivyo hadi katika tarakilishi, kwa sababu kila mgeuzo mpya hupunguza picha ambayo tayari ni hafifu.

DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Inauzwa kwa namna mbili, DVD-R iliyoanza mwaka 1997 na DVD+R iliyoanza mwaka 2002. Deki za zamani huzisoma DVD-R kwa urahisi zaidi. DVD+R nayo ina mpangilio bora wa kuiongoza leza wakati wa kuandika. Kwa hifadhi, tofauti hiyo ni ndogo kuliko tofauti kati ya diski nzuri na diski mbovu za aina moja. Nakala ya kutazamwa na wazee sebuleni iwe DVD-R, na nakala ya kuwekwa iwe yoyote kati ya hizo mbili.

DVD-RW na DVD+RW hufutwa na kuandikwa upya. Uwezo huo ndio udhaifu wake: mtoto mmoja akibonyeza kitufe kisichofaa, harusi imefutika. Zitumike kwa majaribio pekee. DVD za tabaka mbili, zenye gigabaiti 8.5, nazo huvutia kwa sababu filamu ndefu hutoshea, lakini leza hulazimika kuandika tabaka la pili kupitia la kwanza, na makosa huongezeka. Diski mbili za tabaka moja ni bora kuliko moja ya tabaka mbili.

Blu-ray ya kurekodia, BD-R, hubeba gigabaiti 25 au zaidi. Hiyo ndiyo inayofaa kwa mafaili makubwa, kwa mfano karibu saa mbili za MiniDV bila kuzigusa. Kuna pia M-DISC, diski ya DVD au Blu-ray ambayo tabaka lake la kuhifadhia limetengenezwa kwa mada inayofanana na jiwe badala ya rangi ya kikaboni. Kampuni iliyoivumbua, Millenniata ya Marekani, ilitangaza kwamba inaweza kudumu miaka 1,000. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2016, ingawa jina la diski hiyo liliendelea kutumiwa na wengine. Funzo ni kwamba ahadi ya mtengenezaji si dhamana ya hifadhi. Diski inaweza kudumu kuliko kampuni, na pia kuliko mashine ya kuisomea.

Kinachoharibika ndani ya diski

DVD ya kurekodia ina tabaka la rangi ya kemikali na tabaka la chuma linaloakisi mwanga, yote mawili yakiwa yamebanwa kati ya vipande viwili vya plastiki vyenye unene wa milimita 0.6 kila kimoja. Leza huichoma rangi hiyo na kuacha alama. Rangi ikififia kwa jua, joto au uzee, alama hazitofautiki tena na mahali pasipochomwa. Gundi inayounganisha plastiki ikiachia ukingoni, hewa yenye unyevunyevu huingia na kuila chuma.

CD ni dhaifu kwa namna nyingine. Chuma chake kipo juu kabisa, chini ya ngozi nyembamba ya rangi na maandishi. Mkwaruzo upande wa maandishi huweza kuangamiza CD, ilhali wengi hulinda upande wa chini tu.

Jina lililoandikwa kwenye kasha halitoshi kumjulisha mnunuzi nani aliyeitengeneza diski. Kampuni nyingi zilinunua diski kutoka viwanda tofauti na kuzitia nembo yao. Hata hivyo, kila DVD ya kurekodia ina msimbo wa mtengenezaji ulioandikwa ndani yake kiwandani, na programu kama ImgBurn, inayopatikana bila malipo, huuonyesha diski inapotiwa katika tarakilishi. Hekima ni kununua diski chache kwanza, kusoma msimbo, kuchoma moja na kuipima kabla ya kununua kasha la diski 50. Diski zilizoanikwa juani mbele ya duka, au zilizofungwa upya kwa karatasi isiyo na jina, ziachwe. Taiyo Yuden ya Japan, iliyosifiwa sana kwa ubora, iliacha biashara ya diski mwishoni mwa mwaka 2015. Anayeuziwa diski "mpya" za nembo hiyo leo anauziwa akiba ya zamani au bidhaa bandia.

Vipimo: saa ngapi kwa kila diski

Hapa ndipo hifadhi nyingi huharibikia. Deki za kurekodi DVD humpa mtumiaji hali nne au zaidi. XP hutoshea saa moja katika diski ya gigabaiti 4.7, SP saa mbili, LP saa nne na EP saa sita au zaidi. Diski haiongezeki ukubwa. Kinachopungua ni kiasi cha tarakimu kinachotengewa kila sekunde ya picha.

Hesabu yake ni rahisi. Gigabaiti 4.7 ni sawa na megabiti 37,600. Zikigawanywa kwa sekunde 7,200 za saa mbili, kila sekunde hupata megabiti 5.2. Kwa saa nne hupata 2.6, na kwa saa sita hupata 1.7 tu. Ili kuficha uhaba huo, deki nyingi hupunguza pia nukta za picha, kutoka 720 kwa 576 hadi 352 kwa 576 katika LP, na hadi 352 kwa 288 katika EP. Aliyechagua EP amerudi katika ubora wa VCD bila kujua.

Kiasi kinachohitajika hutegemea kinachoonekana. Mfumo wa MPEG-2 unaotumiwa na DVD huokoa nafasi kwa kuandika tu kile kilichobadilika kati ya picha moja na inayofuata. Mchungaji anayehubiri akiwa amesimama mahali pamoja hubadilika kidogo, na megabiti 5 humtosha. Isukuti ni kinyume chake: mabega yanatikisika, miguu inapiga vumbi, umati unazunguka, majani ya migomba yanapeperuka nyuma. Karibu kila nukta hubadilika katika kila picha. Tarakimu zikiwa chache, picha huvunjika vipande vya mraba palepale ngoma inapopamba moto. Ukungu na chembechembe za kanda iliyochakaa huongeza mzigo huo, kwa kuwa mashine hudhani nazo ni mienendo.

Kwa hivyo, vipimo vifuatavyo vinafaa kwa diski ya gigabaiti 4.7:

Ngoma, michezo na mapigano ya mafahali: dakika 60 kwa diski, picha ikipewa megabiti 8 kwa sekunde.

Harusi na mazishi yenye mchanganyiko wa hotuba na nyimbo: dakika 90 kwa diski, picha ikipewa megabiti 6.5.

Mahubiri, hotuba na mahojiano ya wazee: dakika 120 kwa diski, picha ikipewa megabiti 4.8.

Sauti, katika hali zote tatu, itengewe kilobiti 256 kwa sekunde. Kanda ya E-180, ambayo hubeba saa tatu, itahitaji diski tatu, mbili au mbili kwa mpangilio huo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika DVD ni megabiti 9.8 kwa picha, lakini si busara kukifikia, kwani deki dhaifu hukwama. Vilevile, diski isijazwe hadi ukingoni. Uandishi huanza karibu na tundu la katikati kuelekea nje, na eneo la nje ndilo linaloharibika kwanza kwa vidole na gundi inayoachia.

Jambo jingine linalosahaulika ni muundo wa picha. Kila picha ya PAL ni nusu-picha mbili zilizofumwa pamoja, mstari kwa mstari, na hivyo mienendo hunaswa mara 50 kwa sekunde. Nakala ya hifadhi iuache muundo huo ulivyo. Programu inayouliza iwapo iondoe mistari iliyopishana ijibiwe hapana kwa nakala ya kuwekwa. Iondoe tu katika nakala ya kutazamia kwenye simu, na hapo ichaguliwe picha 50 kwa sekunde badala ya 25, ili ulaini wa mwendo usipotee.

DVD ya kutazama na faili ya kuweka

Ni vyema kutofautisha vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya. DVD ya kutazama ni ile inayochezwa katika deki, ikiwa na picha za MPEG-2 zilizopangwa kwa utaratibu maalumu. Faili ya kuweka ni video kamili iliyotoka kwenye kanda, ikiwa na ubora wa juu kabisa uliopatikana, na ndiyo itakayozaa nakala nyingine zote siku za usoni.

Kwa MiniDV, faili ya kuweka ni ile ya gigabaiti 13 kwa saa. Kwa VHS iliyonakiliwa kwa tarakilishi, hifadhi kubwa duniani hutumia mifumo isiyopoteza chochote kama FFV1, ambayo huchukua makumi ya gigabaiti kwa saa. Familia isiyo na nafasi hiyo inaweza kuridhika na MPEG-2 ya megabiti 8, au MP4 yenye ubora wa juu, mradi isipunguzwe zaidi. Jamaa walio Marekani wapelekewe MP4 badala ya DVD ya PAL, kwa kuwa deki nyingi za huko hazichezi PAL, ilhali MP4 huchezwa na karibu kila simu na tarakilishi.

Kuchoma diski

Diski iliyoandikwa kwamba inachomwa kwa kasi ya 16x ichomwe kwa 4x au 8x. Kasi ya 1x ya DVD ni karibu megabaiti 1.4 kwa sekunde, kwa hivyo diski iliyojaa huchukua takriban robo saa kwa 4x. Hizo ni dakika chache ikilinganishwa na saa tatu zilizotumika kunakili kanda. Kasi ndogo kupita kiasi nayo haina faida, kwa sababu rangi za diski za kisasa hazikutengenezwa kwa 1x.

Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, diski ya kurekodiwa mara moja huwa imeharibika. Kwa kuwa kukatika kwa umeme ni jambo la kawaida hasa msimu wa mvua na radi, ni heri kutumia kipakatalishi chenye betri nzima au kifaa cha kuhifadhi umeme. Video iandaliwe kwanza katika tarakilishi, na programu nyingine zifungwe kabla ya kuchoma.

Diski iliyochomwa katika deki ya kurekodi sharti ifungwe, yaani deki iandike orodha ya mwisho ya yaliyomo. Diski isiyofungwa huchezwa na deki hiyo moja tu. Deki ikifa, diski nayo imekufa kwa mmiliki asiyejua njia za kitaalamu za kuisoma. Katika tarakilishi, programu iagizwe kuhakiki diski baada ya kuichoma, na diski ichezwe mwanzo, katikati na mwisho katika mashine tofauti na ile iliyoichoma. Hapo ndipo kazi ya kanda hiyo itahesabiwa kuwa imekamilika. Kanda asilia isitupwe hata baada ya hapo, kwani huenda siku moja ikapatikana mashine bora ya kuisoma.

Kuandika jina na kuhifadhi

Karatasi ya kubandika haifai kwenye DVD. Hujikunja kwa unyevunyevu, huifanya diski iyumbe inapozunguka na kuibandua ikishika gundi. Kalamu ya wino wa maji itumike, na maandishi yawekwe kwenye duara angavu la katikati ambapo hapana kumbukumbu.

Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2003, ilipendekeza diski ziwekwe katika joto la nyuzi 4 hadi 20 na unyevunyevu wa asilimia 20 hadi 50. Nyumba ya kawaida Kakamega haiwezi kufikia viwango hivyo mwaka mzima, lakini inaweza kuvikaribia. Diski zisimamishwe wima ndani ya makasha magumu, na makasha yatiwe katika chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu, kama vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Chombo kiwekwe chumba cha ndani, mbali na dirisha, jiko na dari ya mabati. Bahasha za karatasi na mifuko laini ya plastiki zifae kwa safari tu.

Nakala zaidi ya moja

Hakuna diski inayostahili kuaminiwa peke yake. Kanuni inayofuatwa na wahifadhi wengi ni tatu, mbili, moja: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake katika jengo jingine. Kwa familia ya Kakamega, hiyo yaweza kuwa DVD nyumbani, faili katika diski ngumu ya nje, na nakala kwa ndugu aliye Nairobi, Eldoret au ng'ambo. Moto, mafuriko au mwizi haviwezi kufika kote kwa siku moja. Flashi ni chombo cha kusafirishia, si cha kuwekea, kwa sababu hupoteza kumbukumbu ikikaa muda mrefu bila umeme, na zile bandia hudai nafasi zisizokuwa nayo.

Diski zenyewe ni teknolojia inayozeeka. Januari 2025 Sony ilitangaza kwamba ingeacha kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodia pamoja na kanda za MiniDV mwezi uliofuata. Vipakatalishi vipya karibu vyote huuzwa bila mahali pa kutia diski. Anayetumia diski leo anunue pia kisomaji cha nje cha USB na kukitunza pamoja nazo. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili diski chache zichaguliwe na kusomwa zote hadi mwisho. Ikianza moja kusita, zote zilizochomwa kundi moja zinakiliwe upya mara moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa aina hii haujengeki: hakuna wa kurudia hotuba ya marehemu.

Daftari la majina

Mali bila daftari hupotea bila habari. Diski iliyoandikwa "Harusi 1994" haitamwambia mjukuu chochote. Karatasi ndani ya kasha, na faili ndogo ya maandishi ndani ya diski, zieleze tarehe, kijiji, majina ya wanaoonekana, aliyepiga video, wapigaji wa isukuti na nyimbo zilizoimbwa. Lwisukha na Lwidakho zinazosikika humo zifafanuliwe kwa Kiswahili pale vijana wasipozielewa. Kazi hiyo ifanywe wazee wakiwa hai, nao wakae mbele ya runinga wakitaja majina huku mtu akiandika.

Kwa mwenye kanda nyingi na fedha chache, mpangilio ni huu: zianze zenye dalili ya kuharibika ambazo bado ni safi za kutosha kuchezwa, kisha zile zisizo na nakala kwingineko, kisha zenye sauti za wazee na ngoma. Filamu zilizorekodiwa kutoka kwa runinga zisubiri. Mashine itakayotumika huenda isimalize kanda zote, na hakuna ajuaye itakufa ikiwa imefikia ipi.